Binti Niliyemwomba Lewisville

Ipo siku ninayoikumbuka kuliko zote za ukocha wangu, mwanangu, na si siku ya kombe wala ya shangwe. Ni Jumapili moja nilipokaa sebuleni mwa watu huko Lewisville, Marekani, nimeshika kikombe cha chai, nikatoa ahadi kwa ulimi mwepesi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa kazi ya kufundisha mpira huo bado ni ujana, na kwa ujuba niliokuwa nao mimi, ulikuwa utoto kabisa.

Nakueleza haya kwa sababu uliniuliza. Umepewa kazi ya kuchagua wachezaji, ukaja Euless kunisalimu, na hujamaliza hata sambusa ya pili ukanitupia swali: "Bibi Asha, bora nani, yule aliyeiva tayari au yule mbichi mwenye kipaji?" Nikakuambia ule kwanza. Sasa nakujibu kwa maandishi, maana kwa mdomo najijua, ningeruka zile sehemu zinazoniaibisha na kukupa methali tatu uende zako.

Siku hizo mimi na mume wangu tulikaa Katy, na nilikuwa kocha msaidizi wa timu moja ya wanawake ya kulipwa huko Houston, mji wa jirani. Jina la timu tuliache. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Nilicheza mpira wakati ambapo msichana akionekana na kaptula uwanjani mama yake huitwa na majirani kuulizwa. Kwa hiyo kukaa chumba kimoja na makocha wa Kimarekani, nao wananiuliza maoni yangu, kulinivimbisha kichwa. Nasema hivyo bila haya. Umri huu haya nyingi zimeshaniacha.

Utaratibu wenyewe unaujua, lakini nauandika kwa ajili ya wengine watakaosoma. Huku timu hazigombanii wachezaji wapya mitaani. Hukusanya majina ya waliomaliza vyuo, wakaketi, wakachagua kwa zamu, mmoja mmoja, na iliyoshika mkia ndiyo inayotangulia. Wenyewe huiita drafti, na si ile ya vizibo vya soda. Mwaka ule tulimaliza wa pili kutoka mkiani. Zamu yetu ilikuwa ya pili, na mbele yetu palikuwa na majina mawili yanayotugawa.

La kwanza ni Wanjiru, binti wa Kikenya, mama yake muuguzi hapo hapo Houston. Alikuwa nahodha wa chuo chake miaka mitatu. Alicheza kiungo, na pasi yake ilifika ilikotumwa. Hukuhitaji kumwambia asimame wapi, yeye ndiye aliyewaambia wenzake. Chema chajiuza, na huyu alikuwa ameshajiuza kabla hujafika uwanjani kumtazama.

La pili ni Furaha, Mkongo, mzaliwa wa Bukavu aliyekulia Lewisville, pande za Dallas. Huyu alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi aliyeingia mpirani akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu tu rafiki yake alimvuta. Miaka mitatu ya mpira, basi. Hakujua kusimama. Alijikuta ameotea mara nne katika nusu moja ya mchezo, na kila mara alimtazama mwamuzi kwa mshangao wa kweli. Lakini alikuwa na mguu wa kushoto, mwanangu, ambao sijui nikueleze vipi. Alipougusa mpira kwa ule mguu, hata mabeki walisita kidogo kuangalia.

Mimi nikamtaka Furaha. Nikawaambia wenzangu kwamba Wanjiru ukimwona leo umemwona na mwaka kesho, lakini huyu Mkongo hakuna ajuaye mwisho wake. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Ila hayakuwa sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba anayemchagua aliyeiva hasifiwi na mtu, watu husema hata kipofu angemwona. Anayeokota kibichi kikaja kuiva, jina linakuwa lake. Mimi nilitaka jina.

Shida ilikuwa mama. Mama Furaha alikuwa ameshakataa kwa simu, na hakukataa kwa kunong'ona. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea kazi ya kupiga picha za eksirei, nafasi zenyewe chache, watu wanazisubiri miaka. Hangemtoa huko akakimbize mpira Houston kwa watu asiowajua. Kocha mkuu wetu, Mmarekani kwa jina Linda, aliona basi, tumwache. Mimi nikajidai mjanja wa Pwani. Nikasema huyu mama ni mtu wetu, na kwa watu wetu binti haombwi kwa simu.

Nikaenda kwa Mzee Haji. Mzee Haji alikuwa Mzanzibari wa Euless, aliyeendesha gari la abiria wa uwanja wa ndege mpaka mgongo ukamkataa, na ndoa nyingi za Waswahili wa pande za Dallas zilipitia mdomoni mwake. Ukitaka kuposa, ulimtuma yeye. Nikamwomba anipeleke Lewisville kama mshenga, akaniombee yule binti kwa mama yake kwa heshima zote.

"Unakwenda kuposa au unakwenda kuajiri?" akaniuliza.

"Mzee, yote mamoja," nikamjibu nikicheka.

Yeye hakucheka. Lakini alivaa koti lake, na kofia yake ya kiua, akaja.

Mkono mtupu haulambwi. Nilibeba sukari, majani ya chai na doti moja ya kanga mpya. Mama Furaha alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikavu ya kutandika vitanda vya hoteli, na alipotuona mlangoni, sisi watatu, yaani Mzee Haji, mimi na mume wangu, na ule mfuko wa sukari, uso wake ulibadilika. Alielewa papo hapo tumekuja kwa namna gani. Alitukaribisha, akafunga kitambaa kichwani upya, akazima televisheni.

Mzee Haji akazungumza kama alivyozungumza nyumba zote. Akataja kwetu, akataja kwao, akasema tumeona ua katika nyumba hii nasi tunaomba tukalitunze. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja, kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani.

"Donc, mwenye atamushika huko ni nani?"

Mzee Haji akanigeukia mimi, kwa sababu hilo mshenga hajibu, hujibu mwenye kuomba.

"Mimi, mama," nikasema. "Kuanzia leo huyu ni mwanangu."

Yule mama akanyanyuka, akaenda chumbani, akamleta Furaha kwa kumshika mkono, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, akamketisha kando yangu kwenye kochi. Mzee Haji akaomba dua, mama akaomba kwa jina la Yesu, na sote tukaitikia amina mbili. Njiani kurudi nilikuwa nikipiga kidole kwenye usukani kwa furaha, nimempata.

Siku ya kuchagua, Linda aliniuliza mbele ya wote. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda bahati nasibu. Alisema huyu ni kazi ya miaka miwili, nani atakaa naye? Nikasema mimi, saa moja nzima kila siku baada ya mazoezi. Akaniangalia, akaliandika jina. Wanjiru alichukuliwa na timu iliyofuata, jimbo jingine. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa nimeiweka mara mbili, mara moja Lewisville na mara moja Houston.

Wiki tano nilifanya kazi, na hilo nalisema wazi, kwa sababu ndilo linalolifanya kosa langu kuwa kubwa zaidi. Wenzetu wakishaoga, sisi tulibaki uwanjani katika lile joto la Houston linaloganda mwilini. Nilichora mstari wa chaki kwenye nyasi, nikasema huu ndio mstari wa mabeki, unasogea. Nikamshika kiwiko, tukatembea pamoja. "Bado. Bado. Sasa." Alikosea sana. Lakini Alhamisi moja ya wiki ya tano nilimwachia kiwiko, akasubiri peke yake, akasubiri, kisha akaondoka kwa wakati wake hasa, mpira ukamkuta, akafunga kwa ule mguu. Akageuka kunitazama, akacheka kwa sauti. Akarudia mara sita, akapatia tano. Alikuwa ameanza kuelewa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mazoezini watu waliona ule mguu wa kushoto, wakaanza kusema Asha ana jicho. Wakubwa wa timu wakalisikia neno hilo, wakalipenda. Wakanituma California, wakanituma Florida, nikaangalie wengine wabichi ambao macho ya kawaida hayawaoni. Nilipanda ndege na begi jipya. Ile saa nzima ikawa nusu saa, nusu saa ikawa dakika kumi za kusimama karibu na gari, bandu bandu huisha gogo, mpaka ikawa video ninayomtumia kwenye simu aiangalie mwenyewe.

Aliwahi kunipigia nikiwa kwenye foleni ya ukaguzi wa uwanja wa ndege, nimeshavua viatu.

"Coach Asha, nime-watch ile video mara tatu. I still don't know when to go."

"Angalia tena, mwanangu, utaelewa," nikamwambia, na nikaweka simu kwenye kile kisahani cha plastiki.

Nilimwita mwanangu. Ndivyo tulivyo watu wa Pwani, neno hili tunalo mdomoni muda wote, tunamwita hata muuza mboga. Siku hiyo lilinitoka bila uzito wowote.

Aliingizwa mechi tatu msimu mzima. Ya kwanza aliotea. Ya pili aliotea mara mbili. Ya tatu aliacha nafasi yake kufuata mpira, wapinzani wakapita hapo hapo alipotoka, wakatufunga, na wenzake wakamfokea mbele ya watu. Aliporudi benchi alikaa akifungua kamba ya kiatu na kuifunga, akiifungua na kuifunga. Mimi nilikuwepo siku hiyo, viti viwili tu kutoka kwake, na nilijifanya ninaandika.

Mwisho wa msimu timu hupitia majina ya wanaobaki na wanaoachwa. Linda alipofika kwa Furaha akaniuliza, bila ukali, kuna nini kwa huyu? Pale nilikuwa na majibu mawili. Jibu la kweli lingesema nilimfundisha wiki tano akashika, kisha nikamwacha nikaenda kutafuta sifa. Jibu la pili lilikuwa fupi zaidi. Nikasema, "Hafundishiki."

Linda akapiga mstari juu ya jina. Ofisi ndiyo iliyompa Furaha barua na tiketi ya basi la kwenda Dallas. Mimi wiki hiyo nilikuwa mji mwingine, na nilimshukuru Mungu kwamba niko mji mwingine. Namwomba Mungu huyo huyo msamaha mpaka leo kwa shukrani ile.

Siku ya tisa tangu Furaha apande lile basi, akanipigia Mzee Haji. Hakuuliza habari za nyumbani, na kwa Mzanzibari hilo peke yake ni hukumu.

"Asha, mtoto wa watu yuko wapi?"

"Amerudi kwao, mzee. Timu imemwachia."

"Mimi n'likupeleka mlangoni. Mtoto karudi kwa basi." Akaendelea: "N'shaozesha watu, mwanangu, na wengine washaachana. Hata mwanamume mbaya akimwacha mke, humrudisha kwa wazee wake akasema sababu. Wewe umemrudisha nani kwa nani?"

Nikaanza kumweleza mambo ya mkataba.

"Sikukuuliza mkataba," akasema. "Jumamosi asubuhi n'takuwa kwa yule mama. Ukija, tutakuwa wote. Usipokuja, n'tamwambia mwenyewe kwamba n'limletea mwongo nyumbani kwake."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu nilikuwa bado nalihitaji. Nikaenda. Kutoka Katy mpaka Lewisville ni zaidi ya saa nne za barabara, na zote nilizitumia kupanga maneno. Mpira wa kulipwa ni mgumu. Ushindani ni mkubwa. Timu iliona hivi, timu iliamua vile. Ukiyasikiliza kwa haraka yalikuwa mazuri, yanafaa hata kwa mwandishi wa habari.

Mama Furaha alitupa chai vile vile. Alivaa moja ya zile kanga, nadhani hakukusudia, ilikuwa tu ndiyo kanga ya nyumbani sasa. Furaha alikaa pembeni ya kochi na mikono mapajani. Nikaanza hotuba yangu. Nilifika kwenye "timu iliona," yule mama akainua kiganja.

"Équipe, hiyo timu yenu, mimi siijue," akasema polepole. "Sikupatia équipe mtoto. Nilipatia weye."

Maneno yangu yote ya saa nne yakaishia hapo. Kisha akaniuliza, na hakuuliza kwa hasira, ingawa hasira ningeipendelea: "Mtoto alikosa nini? Uniambie tu, nijue namna ya kumusaidia."

Mzee Haji alikuwa anaangalia kikombe chake. Hakuna aliyenisaidia. Nikasema, "Hakukosa kitu, mama. Mimi ndiye niliyewaambia hafundishiki, na nilisema uongo. Nilimfundisha wiki tano akashika vizuri. Halafu nikamwacha peke yake."

Furaha akainua uso. "You said that?" Nikaitika kwa kichwa. Akasema kwa Kiswahili cha mama yake, na nadhani alitaka mama asikie.

"Mimi nilifikiri ni kweli siwezi. Nilifikiri kichwa yangu iko na shida. Hata ile form ya school sijaijaza tena. Nilisema, kama siwezi kujifunza kusimama kwa line tu, nitaweza namna gani kusoma mifupa yote ya mutu?"

Mwanangu, nimefokewa na makocha, nimezomewa na viwanja vizima. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale. Nilidhani nimemnyima msimu mmoja wa mpira. Kumbe nilimtoa kwenye nafasi yake ya masomo kwa ahadi, kisha kwa uzembe wangu nikamtia imani kwamba yeye ni mjinga, na imani hiyo aliichukua mpaka nyumbani na ilikuwa karibu kumfungia mlango wa pili. Mama yake alifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Hakuwa anajua habari ya ile fomu.

Mzee Haji akaweka kikombe chini. "Zile saa ulizoahidi hujazitoa," akaniambia. "Ziko pale pale."

Fomu ilikuwa inafungwa wiki mbili baadaye. Tukaijaza mezani pale siku ile ile, na palikuwa na mtihani wa kuingilia, kwa kuwa nafasi yake ya zamani ilishachukuliwa na mwingine. Jumatatu nikamwandikia Linda ukweli wote. Aliniita ofisini, akaniondoa kwenye kazi ya kuchagua wachezaji, na alikuwa na haki. Alimpigia Furaha pia, akamwambia arudi kujaribiwa upya. Furaha akakataa kwa adabu. Nikabaki na kazi moja ya kufanya. Kila Jumamosi kwa miezi mitatu niliendesha gari mpaka Lewisville, nikamshikia kitabu nikimuuliza majina ya mifupa, majina ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiyatamka vibaya mpaka akanicheka. Siku ya kwanza aliponicheka, niliingia chooni kwao nikalia kidogo, kisha nikarudi tukaendelea.

Alifaulu. Leo anafanya kazi hospitalini, ana watoto wawili, na kila Idi hunipigia kunisalimu ingawa si Idi yake. Usije ukafurahi mapema ukadhani mambo yaliisha vizuri. Mwaka juzi nilimwuliza kama huwa anacheza na wanawe uani. Akasema, "Auntie, mpira nilikuwa nalipenda sana. Sasa nikiona hata kwa TV, ninaizima." Hajaugusa mpira tangu siku ile ya basi. Nimetazama mpira wa wanawake miaka yote hii, viwanja vikubwa na vidogo, na mguu ule wa kushoto sijauona tena kwa mtu mwingine. Ulikuwepo mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nimepewa.

Na Wanjiru? Utasema bora ningemchukua huyo. Nilikutana naye kwenye harusi moja Houston, ameshastaafu mpira, anafanya kazi ya ofisi. Alicheza misimu minane, kila mechi. Nikampongeza. Akacheka, akasema, "Coach, you know what? Miaka minane hakuna kocha alinifundisha kitu kipya. Wote waliniambia, wewe uko sawa." Alisema kama mzaha, lakini alilisema mara mbili kabla ya kwenda kuchukua pilau. Basi usidhani kwamba aliyeiva ni wa kuwekwa tu kabatini. Naye alikuwa na njaa yake, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu la swali lako ni kwamba umeuliza swali la nusu. Umeniuliza habari za anayechaguliwa, hukuniuliza habari za anayechagua. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na watu wote humtazama samaki, kama amekauka au bado. Mimi nakuambia utazame mikono yako. Je, una muda? Je, bosi wako atakuachia muda huo, au kesho atakupandisha ndege? Je, yule mtoto akikosea mara mia, uso wako utabaki ule ule? Kama huna hayo, mchukue aliyeiva, umheshimu, na umwongeze alichokosa, na usione haya kwamba watu hawatakusifia jicho. Kuona kipaji si kazi kubwa. Mimi nilikiona, na ona nilichokifanyia. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na anayeokota kibichi amejizalia, atake asitake.

Na ukienda kumwomba kijana kwa wazazi wake, hasa watu wetu hawa waliotoka mbali wakabaki na watoto tu, usitumie heshima za kwetu kama chambo. Ukibeba sukari, ukipeleka mzee akuombee, jua kwamba hapo si timu inayoomba. Ni wewe, kwa jina lako na la mama yako. Timu ikimwacha, wewe hujamwacha. Mrudishe kwa mkono wako mpaka mlangoni, na useme ukweli wa kilichotokea, hata kama ukweli huo unakuvua nguo. Kuna neno moja usiliseme kamwe juu ya kijana kabla hujahesabu saa zako mwenyewe, nalo ni lile nililolisema mimi. Alilibeba mtu mwingine kwa niaba yangu, na mzigo huo haukuwa wake.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akupe wanafunzi wagumu na subira ya kuwatosha. Akuepushe na sifa zinazokuja kabla ya kazi. Kila mzazi atakayekukabidhi mtoto akukute mlangoni kwake tena, kwa kheri au kwa shari, umesimama mwenyewe na hukutuma mtu. Amina, na Amina.